Jina Ambalo Halikuandikwa



Katika toleo hili tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo aghalabu huonekana dogo, kana kwamba ni kazi ya makarani tu, nalo ni orodha ya wahitaji. Wengi tukisikia habari za misaada ya kijamii huuliza fedha ni kiasi gani, zimetoka wapi na zitagawiwa lini. Ni maswali ya haki. Walakini, kabla fedha haijafika kijijini, kuna swali jingine lililokwisha kujibiwa, na mara nyingi limejibiwa pasipo sisi kuwapo: ni nani aliyeandikwa, na ni nani aliyeachwa?

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao sote tunauita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Awamu yake ya kwanza, na ya pili iliyoanza mwaka 2005, zilijulikana zaidi kwa majengo na miradi: madarasa, zahanati, visima, barabara za vijijini. Mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na hapo ndipo fedha taslimu zilipoanza kupelekwa kwa wingi mikononi mwa kaya zenyewe. Katika kipindi cha kwanza cha mpango huo ziliandikishwa kaya zaidi ya milioni moja. Malipo ya msingi yalikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, yakitolewa kila baada ya miezi miwili, na yakiongezwa kwa kaya zenye watoto wanaohudhuria kliniki na shule. Wenye nguvu za kufanya kazi walipewa pia ajira za muda zisizozidi siku 60 kwa mwaka, kama vile kuchimba malambo na kutengeneza barabara. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020.

Kuna ndugu zetu, hata ndani ya halmashauri za parokia, wanaosema kwamba fedha hizi huzaa uvivu na ulevi. Ni heri tuwajibu kwa mambo yaliyoonekana, si kwa hasira. Kabla ya mpango kuenezwa lilifanyika jaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ambako malipo yalianza mwaka 2010. Watafiti waliofuatilia kaya zile walikuta watu wakinunua mifugo midogo, wakijiunga na mifuko ya afya ya jamii, na watoto wakiugua siku chache zaidi kuliko hapo awali. Walikuta pia kwamba wazazi waliwanunulia watoto viatu. Mtu anayedhani shilingi 10,000 kwa mwezi yatosha kumfanya mkulima aache jembe, hajapata kuhesabu bei ya debe la mahindi mwezi wa pili, wakati ghala ni tupu na shamba halijakomaa. Wahenga wetu walimjua mtu wa namna hiyo, nao walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi turudi kwenye orodha. Utaratibu uliowekwa ulikuwa mzuri katika maandishi. Serikali ilipanga idadi ya kaya zitakazoingizwa katika kila eneo. Mkutano wa kijiji, mtaa au shehia ulikaa, ukakubaliana vigezo vya umaskini kwa mahali pale, ukataja kaya. Kisha wakaja wajazaji wa dodoso nyumba kwa nyumba, majibu yakapelekwa kwenye kompyuta, na majina yaliyobaki yakarudishwa mbele ya mkutano ili wananchi wayathibitishe. Yaani jamii ilipewa neno la mwanzo na neno la mwisho. Hakuna mpango mwingi wa Serikali unaowapa wanakijiji nafasi ya namna hiyo.

Lakini tujiulize, ni nani anayetajwa mkutanoni? Hutajwa yule mwenye mtu wa kumtaja. Mjane aliyerudi kwa ndugu zake baada ya kunyang'anywa mali ya marehemu mumewe huhesabiwa kuwa mgeni. Kule alikoolewa si wao tena, na huku alikozaliwa si wa hapa. Kijana mwenye ulemavu ambaye wazazi wake humficha chumba cha ndani hatajwi, kwa kuwa kijiji hakijapata kumwona. Mchunga ng'ombe aliyehama na mifugo wakati wa kiangazi hurudi akakuta daftari limefungwa. Na dodoso lenyewe lina upofu wake. Huuliza juu ya paa, sakafu na vyombo vya nyumbani. Bibi mwenye paa la bati lililoezekwa na mwanawe kabla ya mwana huyo kufariki huonekana ana nafuu, ingawa chini ya bati lile jiko halijawashwa tangu jana.

Yuko mwingine ambaye twataka kumsema waziwazi, kwa kuwa woga umefanya asisemwe. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na hata kwingineko, wako vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, baada ya miaka mingi ya kupika ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Nchi yetu imekwisha kuona mauaji mengi ya akina mama wazee kwa shutuma hii. Hebu fikirini, ndugu, ni nani atakayesimama katika mkutano mkuu wa kijiji na kusema, "Mwandikeni bibi fulani," hali watu wanamnong'ona? Anayemtetea huogopa naye asijenong'onwa. Hivyo mtu aliye fukara kuliko wote, mpweke kuliko wote, tena mwenye hatari juu ya maisha yake, ndiye jina lake haliandikwi. Katika shauri hili hakuna karani wa wilaya wa kulaumiwa. Ni jirani ndiye aliyenyamaza.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume yatueleza kwamba jumuiya ya kwanza ya Yerusalemu iliingiwa na manung'uniko juu ya mgao wa kila siku, kwa kuwa wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwakemea walalamikaji kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliitisha mkutano wa wanafunzi wote, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia huduma ile. Mara nyingi tunasoma majina ya wale saba kwa haraka ili tufike kwa Stefano na kifo chake. Yafaa tuyasome polepole, kwa kuwa yote saba ni majina ya Kigiriki. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa watu wenye asili ya upande uliokuwa ukisahauliwa.

Sheria ya nchi nayo inatupa pa kusimama. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa utu uzima, nao ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Kumbe je, wangapi kati yetu huhudhuria? Mkutano ukiitwa kuzungumzia michango tunasema tumechoka na michango. Ukiitwa kusoma mapato na matumizi tunasema wamekwisha kula. Waamini wanaoweza kutembea saa mbili kwenda kwenye misa ya kipaimara kigango cha jirani hushindwa kutembea robo saa hadi ofisi ya kijiji. Viti vyetu vikiwa vitupu, wanaobaki mkutanoni ni wenyeviti, wapambe wao na jamaa zao, nao huandikana. Tusishangae.

Zaidi ya kuandikwa kuna kupokea. Kumekuwako malalamiko, katika sehemu mbalimbali za nchi, kwamba siku ya malipo viongozi wa kijiji hukaa karibu na meza wakiwa na daftari la michango, na mlengwa huondoka na nusu ya alichostahili: hapa mchango wa darasa, pale wa maabara au wa zahanati. Wengine hudai ni hiari. Hiari gani hiyo ya mama aliyesimama mbele ya mtendaji mwenye uwezo wa kulifuta jina lake? Michango ya maendeleo ina taratibu zake, nayo haipaswi kukatwa juu kwa juu katika fedha iliyotolewa ili watoto wale. Wasimamizi wa mpango wenyewe wamelikataza jambo hili mara nyingi, na katazo hilo lafaa kunukuliwa mbele ya viongozi wa vijiji bila woga. Malipo kwa njia ya simu na benki yamepunguza udhia huo kwa kiasi, ila yameleta mwingine. Mzee asiyejua kusoma humkabidhi mjukuu simu na namba ya siri, na kuanzia hapo kiasi anachopokea hukijua mjukuu peke yake.

Kuna neno moja katika mipango hii ambalo hatuna budi kulitazama kwa makini, nalo ni "kuhitimu." Kaya iliyopata nafuu husemwa kuwa imehitimu, nayo huondolewa ili nafasi ipatikane kwa wengine. Kwa kaya yenye vijana na mikono ya kazi, neno hilo ni la heshima. Tumeona wenye kuku, mbuzi na genge dogo la mboga waliosimama kwa miguu yao, nasi tunawapongeza. Lakini mtu huhitimu shule au mafunzo ya ufundi. Bibi wa miaka 80 anayelea wajukuu wanne hahitimu uzee. Mwaka ujao atakuwa na miaka 81, na magoti yake hayatakuwa bora kuliko yalivyo leo. Kumwondoa kwa sababu ameonekana na mbuzi wawili ni kumwadhibu kwa kuweka akiba.

Ndiyo maana twaona kuna hekima katika njia waliyoifuata majirani na ndugu zetu. Zanzibar, tangu Aprili 2016, imekuwa na pensheni jamii kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya, kuanzia mwaka 2018, ilifungua malipo ya wazee kwa kila raia wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni nyingine, kwa kiwango cha shilingi 2,000 za kule kwa mwezi. Katika mipango hii hakuna anayeuliza paa ni la bati au la nyasi. Hakuna anayehitaji kutajwa na jirani, wala kupendwa na mwenyekiti. Umri hauna mjomba wala shangazi ofisini. Kikongwe anayenong'onwa kijijini hupata sawasawa na mama mkwe wa diwani.

Tunajua jibu litakalotolewa, kwamba Bara ina watu wengi na hazina haitoshi. Si jibu la kupuuzwa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 hawakuweza kumudu hata chakula cha kutosha. Fedha haitawafikia wote kwa siku moja. Lakini nchi inaweza kuanza na umri wa juu na kuushusha kidogo kidogo. Wala tusidhani kwamba haki ya umri haina orodha yake: ataulizwa kitambulisho, ataulizwa mwaka wa kuzaliwa. Wazee wetu wengi walizaliwa "mwaka wa njaa" au "mwaka wa nzige," wala hakuna hati. Hapa daftari la ubatizo la parokia, kwa wale waliobatizwa utotoni, linaweza kumsaidia mzee kueleza umri wake kuliko maneno matupu. Tunawaomba makatibu wa parokia wasiwazungushe wazee wanaokuja kutafuta nakala, wala wasiwaulize kwanza habari za zaka.

Hali ni ile ile katika matibabu. Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, iliamriwa kuwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasio na uwezo wasamehewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo ilitambua haki ya mzee wa miaka 60 asiye na uwezo kutibiwa bila malipo. Msamaha upo, dirisha la wazee limeandikwa kwa rangi nzuri, mzee anaonwa na daktari pasipo kulipa. Kisha hupewa cheti na kuambiwa dawa akanunue duka la nje. Hapo neno "bure" limefika mwisho wa safari yake.

Katika hospitali za makanisa shida ni nzito zaidi, tena haina mkato. Mwezi Februari 1992 Serikali na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, zilitia saini mapatano juu ya huduma za jamii, na mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Hospitali zetu kadhaa ni hospitali teule za wilaya. Kwa wengi hakuna nyingine iliyo karibu. Mgonjwa aliyesamehewa anapolazwa, mtu fulani hana budi kulipia damu, dawa na mshahara wa muuguzi. Msamaha usio na fungu la fedha nyuma yake ni ahadi ya mtu mmoja inayolipwa na mwingine, na mara nyingi anayelipa ni mgonjwa wa kitanda cha pili kwa bei iliyopandishwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Sheria hiyo inawatambua watu wasio na uwezo, na imeweka mfuko wa kuwagharamia. Twaipokea kwa matumaini. Lakini wasomaji wetu wamekwisha kuona tunakoelekea: asiye na uwezo atatambuliwa na nani? Atatambuliwa kijijini na mtaani, kwa orodha. Makosa yale yale ya kuachwa, yaliyomnyima bibi shilingi 10,000, sasa yanaweza kumnyima upasuaji. Kwa hiyo kazi ya kusimamia orodha imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka 2012.

Parokia ifanye nini? Hatupendekezi Kanisa liandike orodha yake la kushindana na ya Serikali. Orodha za makanisa zina kishawishi chake, kwani huanza na wanaoonekana kanisani Jumapili. Mlango wa nne kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya anaishi mzee Mwislamu asiye na mtoto. Mlango wa saba yuko mama aliyeacha kusali tangu alipotengwa kwa ndoa isiyo na cheti. Njaa yao haina dhehebu. Shekhe wa msikiti wa jirani anawajua wahitaji ambao katekista hawajui, na kuna mengi ambayo wawili hao wangeyamaliza kwa kikao kimoja chini ya mwembe.

Nguvu ya jumuiya ndogo ndogo ni kwamba zinajua nyumba. Kamati ya Caritas inaweza kujua nani amelala njaa wiki hii na kumpelekea unga, nalo ni tendo jema lisilopaswa kusubiri mkutano wowote. Lakini unga wa Caritas usitumike kumsahaulisha mtu haki yake. Mjane aliyepewa kilo tano za sembe na parokia bado anastahili kuandikwa na kijiji, na aliyempelekea sembe ndiye shahidi mwema wa kumtaja. Tusiwageuze wahitaji kuwa watu wa kushukuru tu. Wanao pia uwezo wa kudai, kuuliza, na kukaa katika kamati zinazogawa. Wale saba wa Yerusalemu walitoka upande huo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya, katika mikutano ya majuma mawili yajayo, wapite nyumba zote za eneo lao pasipo kubagua dini, na kuandika majina ya wazee wanaoishi peke yao, wajane, watoto wanaojilea na watu wenye ulemavu, kwa ridhaa yao wenyewe. Kila jina liulizwe mambo matatu: je, ameandikwa katika mpango wowote, ana kitambulisho, na kama anapokea, je, anapokea kamili? Karatasi hizo zisisomwe kanisani, kwa maana umaskini wa mtu si tangazo la Jumapili. Zikabidhiwe kwa mwenyekiti wa haki na amani wa parokia, naye pamoja na watu wawili watakaochaguliwa, mmoja wao akiwa mama, azipeleke kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kabla ya mkutano mkuu ujao, na kudai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya mkutano waende na watu wao, wakae mbele, na kwa kila jina lililoachwa waulize sababu.